Kisima cha Marehemu: Sadaka ya Maji Inakatikia Wapi?

Kisima kiko nyuma ya skuli, chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Kibao chake cha marumaru kinang'aa kama kimewekwa jana: jina la marehemu, mwaka, na ombi la kumwombea dua. Mkono wa pampu unashuka kwa wepesi, wepesi uliopita kiasi. Nilipiga mara ishirini, mara thelathini, nikasikia chuma kikigongana huko chini, tone halikutoka. Kuku wameigeuza sakafu ya saruji kuwa pa kukokota vifaranga.

Bi mkubwa mmoja alikuwa akipita na dumu la lita 20 kichwani. Aliponiona nahangaika hakusimama. Alisema tu, "Hicho kisima cha marehemu, mwanangu. Na chenyewe nacho marehemu."

Nimekaa na maneno yale muda mrefu, kwa sababu mimi mwenyewe ni katika watu wanaochangia. Kila ikikaribia Ramadhani simu zetu hujaa: kijiji fulani hakina maji, kuna mtu Maskati ametoa nusu, kuna jamaa London wanamalizia, wewe ndugu utatoa ngapi? Tunatoa. Baada ya miezi zinakuja picha: maji yanaruka juu, watoto wanacheka, sheha wa kijiji kashika mkasi na utepe. Tunasema alhamdulillahi na kundi linanyamaza mpaka mwaka ujao. Hapo hadithi ya mfadhili inakuwa imekwisha, na ya mnywaji ndiyo kwanza inaanza.

Waislamu tumepokea kwamba Saad bin Ubada, alipofiwa na mama yake, alimuuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka ipi iliyo bora, akaambiwa maji, naye akachimba kisima. Ndiyo asili ya hamu yetu. Lakini tulitazame neno tunalolitumia kila siku bila kulisikiliza: sadaka jaria. Jaria kwa Kiarabu ni kinachotiririka, kinachokwenda bila kukatika. Kisima kilichokauka si jaria hata kibao chake kiwe cha dhahabu. Na si Pemba peke yake: kwa Afrika kusini mwa Sahara, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika kila pampu nne za mkono, moja haifanyi kazi.

Kwa nini zinakufa? Sababu zimesukana, na nyingi hazionekani kwenye picha. Bora tuanzie chini ya ardhi.

Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Unguja ina Mwera na vijito vichache, Pemba ina vijito zaidi kwa vile mvua yake ni nyingi na ardhi yake ina vilima na mabonde. Maji tunayokunywa kwa sehemu kubwa ni mvua iliyozama, ikakaa ndani ya mawe na mchanga. Chini ya maji hayo, na pembeni yake kote, ni bahari. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake ndani ya mawe, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Katikati ya kisiwa tabaka huwa nene. Ukielekea pwani linakuwa jembamba kama utando wa maziwa.

Wahandisi wana kanuni ya tangu mwishoni mwa karne ya 19, iliyobeba majina ya Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg. Inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni neema kubwa, na balaa lake limo humohumo. Ukivuta maji mpaka usawa wa juu ukashuka mita 1, chini bahari inajongea kidogo kidogo kuja kudai mita 40. Na pale hasa pampu inapovuta, chumvi haipandi sawasawa; inanyanyuka kama kichuguu chini ya mdomo wa bomba.

Ndiyo maana kisima cha pwani kinaweza kutoa maji mazuri siku ya ufunguzi, mbele ya sheha na kamera, kisha kikaingia chumvi kaskazi ya pili. Hakuna aliyeiba wala aliyeroga. Kimevutwa kuliko kinavyojazwa, au kimechimbwa kwenda chini mno. Mfadhili husikia fahari anapoambiwa kisima chake kina mita 60. Kwenye ardhi ya maweni, yaani ya mawe ya matumbawe, ya Jambiani au Makunduchi, pwani ya mashariki ya Unguja, mita hizo za ziada zinaweza kuwa ndizo zilizompeleka baharini. Huko wazee walichota kwa kina kifupi, kwenye visima vya kamba na kwenye mapango yenye maji, na hawakuwa wajinga.

Kwa vile nimetaja pwani ya mashariki, na hoteli nazo zimo. Ripoti ya shirika la Uingereza la Tourism Concern ya 2012, iliyoangalia Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ilikuta chumba kimoja cha nyumba ya wageni kinatumia wastani wa lita 686 kwa siku, na cha hoteli ya nyota tano lita 3,195, wakati nyumba nzima ya kijijini inatumia wastani wa lita 93. Tabaka la maji ni moja, halijui ukuta wa hoteli unaishia wapi. Kikundi kinachochimba kisima cha sadaka mita mia mbili kutoka kwenye bustani inayomwagiwa usiku kucha kinachangia kwenye ndoo iliyotoboka. Hilo ni la vibali na usimamizi, halitatuliwi kwa mchango wa Ramadhani.

Sasa tupande juu, kwenye pampu.

Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, alileta maji mjini kutoka kwenye chemchem ya Bububu, na watu wakayapata bure. Mpaka leo sisi bomba la maji la nyumbani tunaliita mfereji. Siri ya maji yale ilikuwa mteremko: yalishuka yenyewe. Hapakuwa na mota ya kuungua. Maji ya leo yanatoka chini kwenda juu, na kila lita inayopanda kuna anayelipia, kwa mkono wake au kwa umeme.

Watu wa Unguja walilijua hili kwa uchungu. Disemba 2009 njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa bila umeme wa uhakika mpaka Machi 2010. Giza lilisumbua, lakini maji ndiyo yaliyotutoa jasho. Pampu zilizima. Wenye mfereji ndani ya nyumba wakaanza kuuliza majirani kama kile kisima cha kamba cha bibi bado hakijafukiwa.

Kisima cha sadaka chenye pampu ya umeme kina tatizo hilo kwa udogo wake, kila mwezi. Nani ananunua Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla? Hili ndilo swali ninalolipenda kuwauliza wafadhili, na mara nyingi jibu ni kimya. Kamati inakusanya miezi mitatu ya mwanzo, mtu wa nyumba ya karibu anatoa mfukoni miezi miwili, kisha uniti zinaisha na hakuna aliye na deni kisheria. Baada ya muda mota haijawashwa, kutu imeingia, siku ikiwashwa inaungua. Watu wanasema pampu ilikuwa feki. Pengine ilikuwa feki kweli, lakini ilikufa kwa kukosa mwenyewe.

Sola imetibu sehemu ya ugonjwa huu. Jua halina bili. Mabamba yanavuta maji mchana, tangi la juu linajaa, jioni watu wanachota. Naipenda sola, ila ina hila moja isiyosemwa: kwa kuwa umeme wake ni wa bure, hakuna mwenye haraka ya kuizima. Tangi likijaa maji yanamwagika, pampu inaendelea, na kule chini kichuguu cha chumvi kinapanda. Floti ya kuzima pampu tangi linapojaa ni kifaa kidogo tu, na ndicho cha kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Pampu ya mkono nayo haina umeme, lakini ina mipira, beringi na fito. Mipira huchakaa kama kandambili zinavyochakaa. Hilo si hitilafu, ndiyo kazi yake. Kile kisima cha Micheweni, nilivyokuja kujua baadaye, kiliuliwa na mipira ambayo mtu angeweza kuitia kwenye mfuko wa kanzu. Fundi alikuwepo, yuko Wete. Kijijini hakuna aliyekuwa na namba yake, na waliochimba walikuja na gari lao, wakaondoka nalo.

Tuseme basi maji yanatoka. Je, ni salama?

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo, maana "maji safi" kwetu ni maji meupe, yasiyo na tope. Maji ya kwenye matumbawe huwa meupe pe. Lakini jiwe la matumbawe limejaa nyufa na mashimo. Halichuji kama mchanga unavyochuja. Karo la choo la jirani lisilosakafiwa chini linaweza kuingia kwenye kisima chako kwa kupita njia ambayo hakuna aliyeiona. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaotajwa kwenye miongozo mingi una maana kwenye udongo wa kawaida. Kwenye maweni si kinga ya kutegemewa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kiko wazi: katika mililita 100 za maji ya kunywa hakutakiwi kuonekana hata kijidudu kimoja cha E. koli, yule anayetoka kwenye kinyesi. Hilo halijulikani kwa jicho. Linahitaji kupimwa, na upimaji mmoja wa siku ya ufunguzi haukuambii maji yatakuwaje masika, karo zitakapojaa.

Tumezika watu kwa ajili ya hili. Kipindupindu kimekuwa kikija na kuondoka Zanzibar tangu miaka ya 1970, na mlipuko wa 2015 na 2016 wengi wetu tunaukumbuka. Serikali ikaweka mpango wa kukitokomeza, wa 2018 hadi 2027, na maji ndiyo moja ya nguzo zake pamoja na vyoo na chanjo. Naitaja kwa sababu wafadhili wengi huchukua maji wakaviacha vyoo. Choo hakipendezi kwenye picha. Lakini ukichimba kisima kwenye mtaa ambao karo zinavuja, umewarahisishia watu kunywa cha jirani.

Halafu kuna safari kutoka kisimani mpaka kwenye kikombe. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, lile lililokatwa juu ili kata ipite, lililotumika mwaka mzima. Tia mkono, pitisha kidole ukutani kwa ndani. Utakuta utelezi. Ndani ya utelezi huo vijidudu vinaishi raha mustarehe, na maji yaliyotoka mazima kisimani yanachafukia humo kabla hayajafika jikoni. Kisha mtungi hauna kifuniko, kata iko sakafuni, mtoto katoka kucheza anachota kwa kiganja. Nimeona vikundi vikikusanya mamilioni kwa ajili ya kisima kipya mahali ambapo kisima cha zamani kilikuwa kizuri na kilichokosekana ni madumu yenye mdomo mwembamba, vifuniko, na dawa. Klorini kidogo, inayobaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila lita, inatosha kuyalinda maji mpaka yanywewe. Harufu yake watu hawaipendi. Kazi ya kuwazoesha ni ya mtu wa afya wa shehia anayekwenda mlango kwa mlango, na mtu huyo naye nauli yake inaweza kuwa sadaka.

Kuna maji mengine ambayo tunayaacha yapite juu ya vichwa vyetu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya paa inatoa lita 1. Nyumba ya kijijini Pemba yenye bati la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 1500 kwa mwaka, inapokea lita 60,000. Ondoa humusi moja kwa kuvuja na kukauka, zinabaki 48,000. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia, inahitaji lita 30 kwa siku. Ukame wa siku 90 ni lita 2,700. Kwa hiyo tangi la lita 3,000 na gata za bati zinaweza kuwavusha kiangazi kizima kwa maji ya kunywa, bila chumvi, bila Tukuza, na kisima chao cha chumvi kikabaki cha kuogea na kufulia. Zamani misikiti na nyumba za mawe zilikuwa na mabirika kwa kazi hiyohiyo. Yapo masharti: makuti hayafai, mvua ya mwanzo imwagwe kwa sababu inaosha paa, na tangi lifunikwe vizuri lisije likawa mazalio ya mbu. Sijui kwa nini hatuyapendi matangi ya mvua. Nadhani ni kwa sababu tangi ni la nyumba moja na kisima ni cha kijiji kizima, na mtoaji anapenda hesabu ya watu iwe kubwa.

Sasa, mali ni ya nani? Hapa ndipo ninapoona sadaka nyingi zinakatikia. Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, na ndiyo yenye dhamana ya maji visiwani. Bei na huduma zinadhibitiwa na ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Kisima cha wafadhili mara nyingi kinaangukia katikati: hakijakabidhiwa ZAWA kwa maandishi, wala hakina kamati yenye akaunti. Kikiharibika, kijiji kinasema ni cha wafadhili, wafadhili wanasema tumeshakikabidhi kijiji, na ZAWA hawakioni kwenye vitabu vyao. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, piga hodi ofisi ya ZAWA ya wilaya uulize kama eneo lile limo kwenye mpango wa mtandao wao. Nimewahi kuona kisima kipya na bomba jipya vikifika kijiji kimoja mwaka mmoja, na kijiji cha pili kisichopata chochote kikawa kinatazama.

Suala la ada linawakera watu, na nawaelewa. Tangu Barghash, na baada ya Mapinduzi ya 1964, tumelelewa na maji ya bure. Mpaka leo ukitaja ada utajibiwa kwamba maji ni ya Mungu. Ni ya Mungu kweli, ila mpira wa pampu unauzwa dukani. Pale ambapo kamati inachukua kiasi kidogo kwa kila nyumba, mahesabu yakasomwa hadharani baada ya sala ya Ijumaa, na wajane na mafakiri wakasamehewa bila kutajwa majina, nimeona pampu zikiishi. Pale ambapo mfadhili amesisitiza maji yawe bure kabisa ili thawabu isipungue, nimeona vibao vya marumaru.

Na kama ada hairidhishi, tuna njia yetu ya zamani ambayo hatukuhitaji kufundishwa na mtu: wakfu. Mababu hawakujenga msikiti wakauacha hivihivi. Waliuwekea minazi au nyumba ya kupangisha, mapato yakanunua mafuta ya taa na mikeka. Kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar inayosimamia mali za namna hiyo hadi leo. Ningekuwa na sauti kwenye yale makundi ya simu ningesema: mkichangishana fedha za visima vitano, chimbeni vinne. Fedha za cha tano nunueni fremu ya duka Konde au Chake Chake, iwekwe wakfu kwa maandishi, kodi yake iwe ya mipira, floti, klorini na nauli ya fundi ya vile vinne. Najua ni vigumu kumwomba mtu atoe kwa ajili ya nauli ya fundi. Lakini Sayyidna Uthman naye, kisima cha Ruma kule Madina hakukichimba. Alikinunua kikiwa tayari kinatoa maji, akakiachia watu.

Basi ukiletewa ombi safari ijayo, usianze na bei. Uliza maji ya visima vya jirani yana ladha gani mwezi wa Februari. Maji yakivuka miligramu 1000 za chumvichumvi kwa lita kinywa huanza kuyakataa, na wanawake wa pale wameshakupimia kwa ndimi zao bila kutoza. Uliza kuna visima vingapi vibovu ndani ya shehia ile, na kila kimoja kiliharibika nini. Uliza vyoo viko wapi. Uliza jina la fundi. Anayekuomba akikasirika kwa maswali hayo, fedha zako bado zina kazi kwingine.

Kile kisima cha Micheweni kilitengenezwa hatimaye. Fundi alikuja na bodaboda asubuhi, akafungua, akavuta fito moja moja akazilaza kwenye majani ya mwembe, akabadilisha mipira, akafunga kabla ya adhuhuri. Maji ya mwanzo yalitoka mekundu kwa kutu. Ndoo mbili zikamwagwa, kisha kisima kikatiwa dawa na kuachwa kilale. Kesho yake yule bi mkubwa aliyaonja kwa kiganja, akayazungusha mdomoni. "Yana chumvi kidogo," alisema, "lakini tutayanywa."

Kabla fundi hajaondoka, bi mkubwa huyo alikuwa amemzuia. Akamtuma mjukuu nyumbani, akarudi na kopo la rangi ya kijani iliyobaki walipopaka mlango. Namba ya simu ya fundi imeandikwa kwenye saruji kwa kijiti, herufi zimechuruzika kidogo, chini ya jina la marehemu.